Majimbo: Neno Lililogawanya Nchi, na Maana Yake Katika Utawala

Neno "serikali" husemwa kila siku sokoni, kanisani, msikitini na ofisini, lakini watu wawili wakilitamka aghalabu hawataji kitu kimoja. Mkulima asemapo kwamba serikali imefunga mnada wa ng'ombe kwa sababu ya ugonjwa, amfikiria afisa wa mifugo na askari waliosimama langoni. Karani asemapo kwamba serikali imechelewesha mishahara, aifikiria Hazina. Mzee asemapo kwamba serikali ya siku hizi haina adabu, huenda awafikiria vijana wawili watatu waliochaguliwa juzi. Wote wasema kweli, ila kila mmoja ameshika kiungo kimoja tu cha mwili mkubwa.

Wataalamu wa utawala hutenga maneno matatu. Nchi ni ardhi na mipaka yake. Dola ni uwezo wa kutunga sheria na kuzitekeleza ndani ya mipaka hiyo, uwezo usiokufa watu wanapobadilika. Serikali ni watu na idara zinazoutumia uwezo huo kwa muda wao. Usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963, bendera ya Kiingereza iliposhushwa Nairobi, serikali ilibadilika, lakini reli, mahakama, madeni ya nchi na sheria nyingi vilibaki vilivyokuwa. Dola ilipokewa mkononi kama nyumba yenye fanicha zake. Haikujengwa upya tangu msingi.

Kwamba Bunge hutunga sheria, mawaziri na watumishi huzitekeleza, na mahakimu huamua mashauri, hayo husomwa shuleni na hayana ugomvi mkubwa. Ugomvi wa Kenya, kwa zaidi ya miaka 60, umekuwa juu ya jambo jingine: je, madaraka yakae mahali pamoja, ama yagawanywe baina ya makao makuu na sehemu mbalimbali za nchi? Ugomvi huo ulipata jina moja tu, nalo ni majimbo. Kuna watu waliolisikia neno hilo wakafurahi, na wengine walipolisikia wakafunga mizigo.

Njia za kugawanya madaraka

Katika serikali ya umoja, madaraka yote hutoka kwenye chemchemi moja. Makao makuu yaweza kuunda mikoa na wilaya, yaweza kuzipa kazi, na siku yakitaka yaweza kuzinyang'anya kazi hizo kwa sheria ya kawaida. Kenya ya kikoloni ilikuwa hivyo. Mabaraza ya wenyeji yaliyoanzishwa mwaka 1925 yalitoza kodi ndogo, yakajenga shule na zahanati, lakini aliyekaa kwenye kiti cha mwenyekiti alikuwa Bwana D.C., na Bwana D.C. aliisikiliza Nairobi.

Katika shirikisho, kila upande una madaraka yake yaliyoandikwa ndani ya Katiba, na upande mmoja hauwezi kuyaondoa ya mwenzake peke yake. Marekani, Uswisi na Ujerumani hutawaliwa hivyo. Baina ya njia hizo mbili iko ya tatu, ambayo Wakenya wa leo huiita ugatuzi: nchi ni moja na dola ni moja, lakini kazi fulani zimekabidhiwa serikali za chini kwa nguvu ya Katiba yenyewe, wala si kwa hisani ya waziri.

Msomaji anayetaka kuzitambua njia hizi pasipo kusoma vitabu vinene na aulize swali moja tu: nani aweza kumnyang'anya mwenzake madaraka, na kwa njia gani? Majina hubadilika kila mara. Jibu la swali hilo ndilo lionyeshalo utawala ulivyo.

Hofu ya waliokuwa wachache

Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria mwezi Machi 1957. Walikuwa wanane, miongoni mwao Bwana Tom Mboya wa Nairobi, Bwana Oginga Odinga wa Nyanza ya Kati, Bwana Ronald Ngala wa Pwani, Bwana Masinde Muliro wa Nyanza ya Kaskazini na Bwana Daniel arap Moi wa Bonde la Ufa. Si kila mtu mzima aliyeruhusiwa kupiga kura. Mwenye elimu, mali au utumishi wa muda mrefu aliweza kupewa kura mbili au hata tatu, na jirani yake asipate hata moja. Wajumbe hao wanane walisimama pamoja dhidi ya mpango huo, na kwa muda ilionekana kana kwamba hakuna kitakachowatenganisha.

Kilichowatenganisha ni kukaribia kwa Uhuru. Mkutano wa Lancaster House mjini London, mwanzoni mwa mwaka 1960, ulipodhihirisha kwamba utawala utakabidhiwa Waafrika walio wengi, swali liligeuka. Halikuwa tena "Mwingereza ataondoka lini?" bali "Akiondoka, nani ataketi mahali pake, na atamfanyia nini jirani yake?" Mwaka huo huo vikaundwa vyama viwili. KANU ilikuwa na nguvu hasa kwa Wakikuyu, Wajaluo na Wakamba. KADU iliyaunganisha makabila yaliyojiona machache: Wakalenjin, Wamasai, Wamijikenda, na sehemu ya Waluhya. Katika uchaguzi wa Februari 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11, lakini KANU ikakataa kuunda serikali kabla Mzee Jomo Kenyatta hajaachiliwa, na Bwana Ngala akaongoza shughuli za serikali.

Hofu ya KADU ilikuwa juu ya udongo zaidi kuliko juu ya vyeo. Mashamba makubwa ya Wazungu katika nyanda za juu yalikuwa yakielekea kuuzwa na kugawanywa. Wamasai na Wakalenjin walisema ardhi ile ilitwaliwa kutoka kwa babu zao, na kwamba ikigawanywa na serikali moja ya Nairobi, itakwenda kwa watu wa makabila makubwa. Upande wa pili walikuwako maelfu ya Wakikuyu na wengine waliofanya kazi katika mashamba yale tangu zamani za baba zao, waliozaliwa pale, wasio na shamba jingine lolote duniani. Nao waliuliza watakwenda wapi. Haki mbili zilikutana juu ya ekari moja. Hapana mchora katiba ambaye angeweza kuufuta ugomvi wa namna hiyo kwa kalamu, ingawa walijaribu.

Pwani nako kulikuwa na shauri lake. Ukanda wa maili kumi ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na wako waliodai Mwambao ujitenge. Jambo hilo lilimalizwa kwa mapatano ya Oktoba 1963, Sultani alipoacha haki yake. Huko kaskazini, Wasomali wengi walitaka kuungana na ndugu zao wa Somalia, wakasusia uchaguzi wa 1963, na vita vilivyofuata havikutulia hadi mwaka 1967.

Basi KADU ilileta dawa yake: majimbo. Viongozi wake waliutazama utawala wa Uswisi, nchi ambayo watu wenye lugha mbalimbali hukaa pamoja kwa kuachiana nafasi. Katika mkutano wa pili wa London, mwaka 1962, KANU ilikubali kwa shingo upande. Tume ilizunguka nchini kusikiliza wananchi, na yakapatikana majimbo saba: Pwani, Mashariki, Kati, Bonde la Ufa, Nyanza, Magharibi na Kaskazini Mashariki, na mji wa Nairobi ukawa mbali na yote. Yafaa ikumbukwe tofauti kubwa iliyokuwapo hapo. Marekani, makoloni kumi na matatu yalikuwako kwanza, ndipo yakaizaa serikali kuu. Kenya, serikali kuu ndiyo iliyoyazaa majimbo, tena kwa wino wa ramani, na mtoto aliyezaliwa hivyo hakuwa na mali yake mwenyewe.

Wapinzani wa majimbo hawakuwa watu wa nia mbaya. KANU ilisema nchi ni maskini, wasomi ni wachache, na serikali saba juu ya moja ni gharama isiyobebeka. Ilisema pia kwamba karani aliyezaliwa Kisumu akafanya kazi Mombasa atageuzwa mgeni katika nchi yake. Hoja hiyo ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza, na miaka ya baadaye iliithibitisha kwa namna ya kusikitisha.

Jinsi majimbo yalivyokufa

Katiba iliyoanza kutumika siku ya Madaraka, Juni 1, 1963, ilikuwa na mambo mengi. Kila jimbo lilikuwa na baraza lake na Rais wa baraza hilo, likiwa na kauli katika mambo ya shule, ya afya, ya serikali za mitaa na ya ardhi. Bunge lilikuwa na nyumba mbili: Baraza la Wawakilishi, na Seneti ya watu 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. Kubadilisha Katiba kulihitaji robo tatu ya kura katika kila nyumba, na vifungu vilivyolindwa zaidi vilihitaji kura tisa katika kila kumi ndani ya Seneti. Hata Bwana D.C. alibadilishwa jina, akaitwa wakala wa serikali ya jimbo. Wazee wengi waliendelea kumwita D.C., na wakati ukaonyesha kwamba hawakukosea.

Lakini KANU ilikuwa imekwisha kushinda uchaguzi wa Mei 1963 kwa wingi, na serikali iliyoapa kuilinda Katiba ilikuwa ndiyo isiyoipenda. Haikuhitaji kupigana. Kodi kubwa zilikusanywa Nairobi, na majimbo yalitegemea ruzuku. Kazi zilizoandikwa kuwa za majimbo zilikabidhiwa polepole, nyingine hazikukabidhiwa kabisa, na fedha zilikawia. Mkono mtupu haulambwi: mjumbe wa baraza la jimbo ambaye hawezi kuweka hata daraja juu ya kijito hawezi kuwashika wafuasi wake kwa muda mrefu. Wabunge wa upinzani wakaanza kuvuka sakafu mmoja mmoja, na Novemba 10, 1964, Bwana Ngala akatangaza kwamba KADU imevunjwa kwa hiari. Bwana Moi na wenzake wakaingia KANU.

Hapo kura tisa katika kumi hazikuwa ukuta tena, kwa sababu hapakubaki mtu wa kupiga kura ya kumi. Desemba 12, 1964, Kenya ikawa Jamhuri na Mzee Kenyatta Rais wake. Mwaka 1965 majimbo yakapewa jina la mikoa na nguvu zake zikaondolewa. Mwisho wa mwaka 1966 Seneti ikaunganishwa na nyumba ya pili. Mwaka 1968 hata mabaraza ya mikoa yakafutwa katika Katiba. Kisha, kwa sheria ya mwaka 1969, halmashauri za wilaya, ambazo ndizo zilizobaki karibu na wananchi, zikanyang'anywa shule za msingi, afya na barabara, na kazi hizo zikapelekwa kwenye wizara Nairobi. Jambo hili la mwisho husahauliwa sana. Huenda liliwagusa wakulima kuliko kufa kwa majimbo yenyewe, kwa maana tangu hapo mtu aliyeona bati la shule limeng'oka hakuwa na diwani wa kumshika kanzu.

Itikadi ni jambo jingine

Watu wengi huchanganya muundo wa utawala na itikadi ya siasa. Muundo hujibu swali la nani aamuaye. Itikadi hujibu swali la mali ni ya nani, na inagawanywaje. Ubepari husema mali na biashara viwe mikononi mwa watu binafsi, na ushindani utaleta maendeleo. Ujamaa husema njia kuu za uchumi ziwe za umma, watu wasije wakanyonyana.

Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilitoa Karatasi ya Bunge Namba 10, ambayo wizara ya Bwana Mboya ilishughulika nayo sana, juu ya Ujamaa wa Kiafrika. Karatasi hiyo iliukataa ukomunisti wa Marx na ubepari usio na mipaka, ikasifu desturi ya Waafrika ya kusaidiana. Ukiisoma kwa makini, hata hivyo, utaona mali ya mtu binafsi imelindwa vizuri na wenye mitaji wa kigeni wamekaribishwa. Mchumi mmoja kijana, Bwana Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, aliandika katika jarida mwaka huo huo akihoji kwamba mpango ule haukueleza vya kutosha jinsi mali itakavyozuiwa isikusanyike mikononi mwa wachache.

Ndani ya karatasi hiyo mlikuwamo shauri moja lililokuwa na matokeo makubwa kuliko maneno yote ya ujamaa: kwamba fedha za maendeleo zitiwe mahali zitakapozaa upesi zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Kwa hesabu ya mfanyabiashara shauri hilo halina kosa. Lakini Turkana, Mandera na Tana River hawana mvua ya kahawa. Serikali moja, kwa fikira moja iliyoandikwa Nairobi, iliweza kuamua kwamba sehemu kubwa ya nchi ingoje, nayo ikangoja miaka mingi.

Asije mtu akadhani kwamba kosa lilikuwa la ubepari tu. Jirani zetu wa Tanzania walichukua njia nyingine, wakatangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 na kuyafanya mabenki kuwa ya taifa. Nao pia, mwaka 1972, waliziondoa halmashauri za wilaya na kuweka maafisa wa serikali kuu mahali pake, hata ikawabidi kuzirudisha kwa sheria za mwaka 1982. Nchi mbili zilizobishana juu ya ujamaa na ubepari zilikubaliana, bila kuambizana, kwamba mwananchi wa kijijini asiachiwe madaraka mengi.

Neno larudi na damu

Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa vitendo tangu KPU ya Bwana Odinga ilipopigwa marufuku mwaka 1969, na kwa sheria tangu Juni 1982. Sheria hiyo ilipoelekea kuondolewa mwaka 1991, neno majimbo lilisikika tena, safari hii katika mikutano ya wanasiasa waliosimama upande wa serikali. Halikuwa na maana ile ya 1962. Katika Bonde la Ufa lilitumiwa kuwaambia majirani warudi "kwao", na nyumba zikachomwa, na watu wakauawa katika machafuko ya miaka iliyofuata. Fujo za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100. Hapo ndipo ile hoja ya zamani ya KANU, juu ya mtu kugeuzwa mgeni katika nchi yake, ilipoonekana kuwa ya kweli. Na ajabu ya siasa ni kwamba waliolitumia neno hilo mwaka 1991 walikuwa viongozi wa KANU wenyewe.

Kwa sababu hiyo waliotunga Katiba mpya waliliepuka neno. Rasimu ya kwanza ilikataliwa na wananchi katika kura ya Novemba 2005. Ya pili ilikubaliwa Agosti 4, 2010, na Katiba ikatangazwa Agosti 27. Hakuna majimbo saba ndani yake. Kuna kaunti 47, zilizofuata mipaka ya wilaya za zamani. Wako waliosema kaunti zingekuwa chache na kubwa zaidi zingekuwa na nguvu ya kuikabili Nairobi. Huenda ni kweli. Lakini majimbo makubwa yangekuwa pia ngome za makabila makubwa, na kabila dogo lingejikuta mikononi mwa jirani mwenye nguvu pale pale jimboni.

Shilingi huenda wapi

Serikali za kaunti zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, na mwaka wa kwanza wa fedha ziligawiwa shilingi bilioni 190. Katiba yasema mgawo huo usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa, yakihesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kukubaliwa na Baraza la Taifa. Neno "zilizokaguliwa na kukubaliwa" halina budi kutazamwa vizuri, kwa kuwa hesabu hizo huwa za miaka ya nyuma, wakati mapato yalipokuwa madogo. Kodi ya mapato, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani ni za serikali ya taifa. Kaunti hubakiwa na kodi ya viwanja na majengo, ya starehe, na malipo ya huduma kama vile leseni na masoko. Kwa hiyo kaunti nyingi hutegemea fedha kutoka Nairobi, kama majimbo ya 1963. Tofauti ni kwamba sasa mgawo umeandikwa, na kaunti yaweza kwenda mahakamani.

Iko pia Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato, iliyowekwa kwa miaka 20 ili kupeleka maji, barabara, afya na umeme mahali palipoachwa nyuma. Ni kama jibu kwa ile Karatasi Namba 10, ingawa ilikawia miaka mingi kuanza kufanya kazi barabara.

Hofu ya mwaka 1962 ilionekana tena, pasipo mapanga, mwaka 2020. Kila miaka mitano Seneti hukata shauri juu ya kanuni ya kugawa fedha baina ya kaunti. Wengine walitaka idadi ya watu ihesabiwe zaidi, wakisema kila mwananchi apate shilingi yake sawa na mwenzake. Kaunti za kaskazini na za pwani zilijibu kwamba zingepoteza mabilioni, na kwamba kisima cha Wajir hakichimbwi kwa bei ya kisima cha mahali penye maji karibu. Seneti ilivutana miezi kadhaa, vikao vikiahirishwa, hata mwezi Septemba ikakubaliwa kwamba hakuna kaunti itakayopata pungufu ya ilichokuwa ikipata, na mgawo wa jumla ukapandishwa kutoka bilioni 316.5 hadi bilioni 370 katika mwaka wa fedha wa 2021/22. Wachache hawakushindwa kwa kura, na wengi hawakunyimwa hoja yao. Seneti ya 1963 haikuwahi kupata siku ya namna hiyo.

Ugatuzi si dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2017 wauguzi waligoma kwa miezi mitano hivi, na magavana na serikali ya taifa wakarushiana mzigo juu ya nani alipe nini, wakati wagonjwa wakirudishwa milangoni. Wako magavana walioshitakiwa kwa ufisadi, na wengine wakaondolewa na Seneti baada ya mabaraza yao kuwashitaki. Kusema kweli, fedha iliyoibwa kwenye kaunti si tamu kuliko iliyoibwa Nairobi, ila mwizi yu karibu zaidi na macho ya watu.

Inabaki kazi ya mwananchi kujua mlango wa kubisha. Afisa wa kilimo, daktari wa mifugo, josho, soko, zahanati na hospitali ya kaunti, barabara za kaunti, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya gavana na baraza la kaunti. Shule za msingi na za sekondari, walimu wake, polisi, vyuo vikuu na hospitali kuu za rufaa viko chini ya serikali ya taifa. Mfugaji ambaye josho lake limekauka akimwendea mbunge atapewa maneno mazuri, lakini bajeti ya josho haipiti Bunge. Hupita katika baraza la kaunti, ambako wadi yake ina mwakilishi mmoja kati ya 1,450 waliochaguliwa nchini kote.

Na bajeti ina kalenda yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa mbele ya baraza la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mwelekeo wa fedha kufikia Februari 28. Makadirio yenyewe kufikia Aprili 30. Na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Sheria yataka wananchi waitwe watoe maoni kabla ya makadirio kupitishwa, na mikutano hiyo hutangazwa, mara nyingi kwa karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya wadi. Josho lisiloandikwa katika mpango wa Septemba ni vigumu kulipata katika makadirio ya Aprili, na anayekwenda kulidai mwezi Julai ataambiwa angoje mwaka mwingine.